Swali la Sita na Glavu za Sufu

Fomu ilikuwa na maswali kumi na saba. Swali la sita liliuliza kama nitaendesha pikipiki ya theluji peke yangu au nitapanda na mtu mwingine kwenye chombo kimoja. Kulikuwa na visanduku viwili, nami nilitia vema kwenye cha kwanza: peke yangu. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye duka la kuchapisha karatasi mjini Singida, karatasi bado ina joto la mashine, na nilijiona mtu wa kuendesha.

Fomu hiyo alinitumia mdogo wangu. Yeye ni muuguzi, anatunza wazee kaskazini mwa Finland, mahali ambapo kwa maelezo yake mwezi wa kumi na mbili jua halichomozi kabisa. Miaka sita alikuwa hajarudi nyumbani. Kila mwaka, baridi inapoelekea mwisho, wenzake wa kazini hujiunga na msafara wa pikipiki za theluji, watu wanane au kumi nyuma ya kiongozi mmoja. Huvuka mpaka na kuingia Norway, hulala siku moja, kisha hurudi. Kila mwaka yeye alibaki. Aliposikia kwamba nimepata likizo ya kwenda kumtembelea mwezi wa tatu, aliniongeza kwenye msafara kama mtu anavyoongeza sahani moja mezani.

"Dada, usipokuja nami sitapanda kitu kile maisha yangu yote," aliniambia kwenye simu. "Na nimechoka kuwa yule anayebaki kumwagilia maua ya wenzake."

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi hiyo imenizoesha kuanza kila jambo kwa daftari. Nilinunua jipya, nikaligawa sehemu nne: nyaraka, nguo, mazoezi, mama. Sehemu tatu za kwanza zilijaa wiki ile ile. Ya nne ilikaa tupu, kwa sababu sikujua niandike nini.

Baba yetu alikuwa bwana shamba. Alipewa pikipiki ya kazi, na kwa pikipiki hiyo alizunguka vijiji akiwaonyesha watu nafasi ya kuacha kati ya shina na shina la alizeti. Siku ambazo hakuwa kazini, abiria wake alikuwa mama. Walikwenda hivyo misibani, harusini, kanisani na kliniki, mama amevaa suruali kuukuu ya baba chini ya kitenge ili akae vizuri. Halafu ikaja siku baba alipokwenda Itigi peke yake. Barabara ya kutoka Itigi wakati huo ilikuwa ya vumbi, na alipokuwa anarudi, kilomita chache kabla ya njia panda ya Mkiwa, mchanga ulimwangusha. Hakuamka.

Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepanda pikipiki. Mama hakutunga sheria, hakutuita kikao. Alisema tu, siku ya arobaini, akiwa anaosha vyombo: "Kitu hicho kimeshachukua wa kwangu." Basi. Nimefanya kazi ya habari, kwenye mkoa uliojaa bodaboda, kwa miguu, kwa bajaji, na kwa lifti za magari ya watu. Leseni ya gari ninayo, na hiyo ilitosha kwa swali la tano la fomu. Lakini usukani wa pikipiki nilikuwa sijawahi kuushika.

Kwa hiyo nilipokwenda Mwankoko kumweleza mama kuhusu safari, nilieleza kwa uangalifu.

"Tutatembezwa kwenye theluji," nilisema.

"Kwa gari?"

"Kwa chombo cha huko huko."

"Chombo gani?"

"Kina mkanda chini, kama ule wa katapila. Na mbele kina miguu miwili bapa ya kuteleza."

Mama alifikiri. "Kama katapila hakikimbii," alisema, akaridhika.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nimewahoji watu wengi waliofanya vivyo hivyo mbele yangu, nami nikawaandika kwenye daftari kama watu wanaoficha.

Kiongozi wa msafara alituma maelekezo marefu, na mdogo wangu alinitafsiria kwa sauti, kipande kwa kipande. Ovaroli nzito, kofia ngumu na viatu vitatolewa na wenye msafara. Ndiyo maana fomu ilitaka urefu, uzito na namba ya kiatu. Uzito nilipima kwenye mashine ya kukamulia alizeti, juu ya mizani ya magunia. Mzee wa mizani aliangalia, akatangaza watu wote wasikie: "Sabini na nne, bila gunia!" Nguo za ndani kila mtu aje nazo, na ziwe za sufu. Pamba hapana. Pamba ikishika jasho hailiachi, na jasho likipoa linakuwa barafu juu ya ngozi. Kitu chochote kikilowa, vua, badilisha. Glavu ziwe jozi mbili, ya sufu ndani na ya ngozi juu. Hayo ya kulowa aliyaandika kwa herufi nzito na kuyarudia mara tatu.

Mama, niliyekuwa nimemwacha na habari ya katapila, alilipokea suala la glavu kama kazi yake. Yeye ni mfumaji. Vitambaa vya makochi ya nusu ya mtaa wetu vimetoka mikononi mwake. Aliniagiza mnadani, nikachambua marundo ya mitumba nikisoma lebo moja moja shingoni, hadi nikapata sweta mbili za sufu tupu, moja ya kijivu na nyingine nyekundu iliyopauka. Mama alizifumua zote. Alivuta uzi, akauloweka, akauanika ukiwa umevingirishwa kwenye mgongo wa kiti ili unyooke, kisha akavingirisha madonge mawili ya uzi, makubwa kama machungwa.

Mkono wangu aliupima kwa kuushika tu. Nilimuuliza vipimo vya mdogo wangu atavipata wapi. Nikapendekeza ajipime kwa rula kule aliko, atutumie.

"Mtoto niliyemwogesha mimi mwenyewe, aniletee rula?" alisema mama. "Mkono wake ni huu wako, kidole cha kati kimezidi kidogo. Ana vidole vya baba yake."

Alianza na glavu za kijivu, za mdogo wangu. Kila nilipokwenda Mwankoko nilikuta glavu imeongezeka kidole.

Mazoezi nilifanyia ukingoni mwa ziwa Singidani, upande ambao maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja mweupe wa chumvi. Juu kuna ukoko unaong'aa, chini ni tope laini na mchanga. Nilidhani, na bado nadhani, kwamba hapakuwa na mahali pengine Singida panapokaribia theluji zaidi ya pale. Mwalimu wangu alikuwa dereva wa bodaboda wa umri wa mjomba wangu, mtu wa maneno machache, ambaye vijana wa kijiwe chake walimwita Mwalimu kwa sababu wote walijifunzia kwenye pikipiki yake. Nilimwomba asimwambie mtu. Alinitazama.

"Mwandishi," alisema, "hapa uwanja mzima unaonekana kutoka barabarani."

Siku ya kwanza niliachia klachi, pikipiki ikaruka, ikazima. Nikawasha, ikaruka, ikazima. Vijana waliokuwa wanaosha pikipiki zao kando ya maji waliacha kuosha.

"Dada, klachi siyo mlango wa choo! Iachie taratibu!"

"Leo taarifa ya habari inaanguka yenyewe!"

"Mwacheni," alisema Mwalimu, akimgeukia aliyesema mwisho. "Wewe mwenyewe uliniingiza kwenye kibanda cha mama muuza chai."

Yule kijana alirudi kuosha.

Baada ya wiki mbili nilikuwa naenda. Nilizunguka uwanja, ukoko ukivunjika chini ya matairi kwa sauti ya bisi, upepo wa Singida ukinipiga kifuani, na nilijisikia msichana wa miaka kumi na sita. Pale palipokuwa na mchanga mzito, Mwalimu alinifundisha wanavyofanya wote: ukiona usukani unayumba, toa mguu, ugusishe chini, ujishike. Madereva wote wa kwetu hupita mchanga hivyo. Ukimwona mtu anakuja na mguu mmoja nje kama jogoo, ujue barabara ya mbele yako ni mbaya. Nilijifunza vizuri kiasi kwamba mguu ulianza kutoka wenyewe.

Nilimsimulia mdogo wangu kwa fahari.

"Dada, huku hakuna klachi," alisema. "Wala gia. Unabonyeza kidole gumba tu, inakwenda."

"Sasa mwezi mzima nimejifunza klachi ya nini?"

"Na huo mguu uuache huko huko Singida. Kiongozi amesema chombo kikiyumba usitoe mguu, hata iweje. Kina uzito wa ng'ombe. Mguu ukibaki nje kikikulalia, umevunjika."

Niliandika kwenye daftari, sehemu ya mazoezi: mguu usitoke. Kesho yake nilikwenda ziwani, nikakuta mchanga, mguu ukatoka. Mwalimu alinifunga kamba ya katani kutoka kwenye kiatu hadi mahali pa kukanyagia, nikatoa mguu na kamba ikakatika, tukaanguka wote wawili, mimi na pikipiki. Sikuumia ila mahali pamoja: shavu la mguu wa kulia, kwa ndani, liligusa ekzosi.

Kila mtu wa kwetu anaijua alama hiyo. Inakuwa nyekundu siku ya kwanza, siku ya tatu inakuwa ya kahawia na kung'aa, umbo lake kama jani. Watu huipata kwa kushuka upande wasiotakiwa kushukia. Nilivaa sketi ndefu, nikaenda Mwankoko Jumapili kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti."

Niliketi kwenye kigoda. Mama alikuwa anapepeta uwele. Sijui alionaje, labda sketi ilipanda nilipokuwa naketi, labda alinusa, labda alikuwa anajua tangu mapema kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na vumbi jeupe na vumbi la Mwankoko ni jekundu. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kopo la asali. Alipiga magoti mbele yangu, na magoti yake siku hizi hayakubali upesi, akainua sketi, akanipaka asali kwenye jeraha kwa kidole kimoja, polepole, hadi likajaa.

Kisha aliinua kitenge chake mwenyewe kidogo. Kwenye shavu la mguu wake wa kulia, kwa ndani, kulikuwa na jani kama langu, limefifia, rangi yake karibu sawa na ngozi. Nilikuwa sijawahi kuliona, au nililiona utotoni nikadhani amezaliwa nalo.

Alikishusha. Aliinuka, akachukua glavu ya kijivu iliyokuwa imebakiza kidole gumba, akaichomeka pamoja na sindano zote mbili kwenye donge la uzi, akaiweka juu ya kabati. Mama hufanya hivyo kwa kazi ambayo hataimaliza.

Hapo nilimweleza yote: kwamba ni pikipiki, kwamba inakimbia, kwamba nitaendesha mwenyewe. Alisikiliza akiwa anaendelea kupepeta.

"Nenda," alisema mwishoni. "Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako. Lakini maji yangu usiyangoje."

Lazima nieleze maji hayo. Kwetu mtu akitoka kwenda mbali, mzazi huchukua maji kwenye kibuyu au bilauri, yenye unga kidogo wa mtama, hunywa funda moja asilimeze, na kumnyunyizia anayesafiri kifuani na mikononi. Haichukui hata dakika. Mama ni mkristo wa kupanga viti kanisani, lakini maji hajawahi kuyaacha. Alinipa nilipokwenda chuo. Alimpa mdogo wangu asubuhi aliyopanda basi kuanza safari ya Finland, mbele ya abiria wote, na mdogo wangu aliona aibu akajifuta. Miaka sita baadaye bado anakumbuka kwamba alijifuta.

Nilimpigia mdogo wangu kumwambia. Nilisikia nyuma yake kengele ya mzee mmoja akiita, na yeye hakwenda.

"Basi mimi sipandi," alisema.

"Fomu zimeshatumwa."

"Dada. Siku ile nilijifuta. Sasa nipande kitu alichokufa nacho baba, na mama amekataa? Sipandi. Njoo tu unitembelee, tutapika ugali, tutaangalia theluji dirishani."

Viza ilitoka. Nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole na kurudi, na sikuwa na furaha niliyotarajia. Sehemu ya mama kwenye daftari niliandika mstari mmoja: anaogopa. Nikaufuta, kwa sababu haukuwa kweli. Namjua mama akiogopa. Akiogopa huongea sana. Hiki kilikuwa kitu kingine, na mimi ninayelipwa kwa kuuliza maswali sikuwa nimemuuliza.

Nilimuuliza Jumamosi moja kabla ya mvua, tukiwa tunaanika uwele. "Mama, ni nini hasa?"

Alipangusa mikono. "Huko unakofanyia ni ziwani?"

"Ndiyo."

"Nipeleke."

"Kuangalia?"

"Nimekwambia nipeleke, sijakwambia unionyeshe."

Alikwenda ndani akachelewa. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge kama siku zote, lakini chini yake, juu ya kandambili, zilichungulia pindo mbili za suruali ya kaki. Nilizitambua. Nikageuka kutazama njia.

Mwalimu alipotuona tunashuka kwenye bajaji aliivua kofia yake. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pikipiki ndiyo hii?"

"Ndiyo hii mama."

"Haina mlio mbaya?"

"Haina."

Vijana wa kuosha pikipiki walikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama aliizunguka ile pikipiki mara moja, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akaona kwamba pedali ya abiria upande wa kushoto imefunguka nusu akaikunjua yote kwa mguu. Kisha akaniambia, "Panda."

Nilipanda. Akashika bega langu, akapita upande wa kushoto, upande sahihi, akaketi nyuma yangu kwa mwendo mmoja. Mwanamke anayepiga magoti kwa shida. Mikono yake ilinishika kiunoni, siyo kwa kung'ang'ania. Iliketi tu pale, kama mtu anavyoweka mikono mezani.

"Twende," alisema.

Niliachia klachi taratibu kuliko siku zote. Tulizunguka uwanja mara moja. Nilipokunja kushoto, aliegemea kushoto kabla yangu, na pikipiki ikageuka yenyewe, nyepesi, kama ilikuwa imengoja mtu wa nyuma. Tukakunja kulia, akaenda kulia. Mwezi na nusu nilikuwa napigana na usukani, na mwanamke wa miaka karibu sabini alikuwa anaugeuza kwa mabega.

Tukafika kwenye mchanga. Usukani ukayumba, mguu wangu ukatoka. Papo hapo mama alinipiga paja, kofi la nguvu, la kuuma.

"Rudisha mguu!"

Nikarudisha. Pikipiki ilicheza kidogo, ikanyooka, tukapita. Tukafika tena mchangani upande wa pili, mguu ukaanza kutoka, kofi likaja kabla haujafika chini. Mara ya tatu mguu ulitulia. Mara ya nne hata sikuufikiria. Kazi iliyomshinda Mwalimu na kamba ya katani.

Aliponiambia nisimame, nilizima injini katikati ya uwanja, mbali na watu. Hakushuka. Alizungumza nyuma ya shingo yangu.

"Baba yako alikuwa anatoa mguu," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nampiga paja. Miaka yote hiyo, kila mchanga, nampiga paja, anacheka. Anasema, umenizoesha, siku usipokuwepo nitaanguka."

Upepo ulikuwa unavuma. Mikono yangu ilibaki kwenye usukani.

"Siku ya Itigi aliniita. Nikamwambia nina alizeti uwanjani, sijamaliza kupiga. Nenda, nikamwambia. Nikabaki na alizeti. Hapakuwa na mtu wa kumpiga paja."

Niliishika mikono yake pale kiunoni kwangu. Ilikuwa baridi, na kwenye kidole cha shahada kulikuwa na ile sugu ya sindano za kufumia. Nilitaka kumwambia mambo mengi, kwamba barabara ile imeangusha wengi, kwamba halikuwa kosa lake. Niliona kwamba ameshajiambia yote na hayakumsaidia. Nikamwambia la kwenye fomu.

"Mama, kuna swali la sita. Mtu anaweza kupanda peke yake, au wawili chombo kimoja."

Alifikiri.

"Wewe umejibu nini?"

"Peke yangu."

"Futa," alisema mama. "Kaeni wawili."

"Nani mbele?"

"Anayeijua theluji. Mdogo wako." Akaanza kushuka, upande wa kushoto. "Wewe kaa nyuma. Yule ana miguu ya baba yake."

Tulirudi kwa Mwalimu. Mama alimshukuru, akamwambia abadilishe breki ya nyuma, inachelewa. Mwalimu alisema atabadilisha. Nilisikia baadaye kwamba alibadilisha siku hiyo hiyo.

Wenye msafara walikubali marekebisho ya fomu bila shida. Mdogo wangu ndiye aliyesumbua.

"Yaani mimi niendeshe, wewe unipige?"

"Kila ukitoa mguu."

"Nani amesema natoa mguu?"

"Mama."

"Mama hajawahi kuniona kwenye theluji!"

"Unatoa au hutoi?"

"Nilijaribu mara moja, nyuma ya nyumba ya wazee," alisema. "Nilitoa." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka, nikamsubiri hadi kikarudi kuwa kicheko.

Mwezi wa kwanza na wa pili ilikuwa ya mama kunifundisha kukaa. Hatukuhitaji pikipiki. Aliweka benchi uani, yeye mbele mimi nyuma, majirani wakipita wanasalimia na kupunguza mwendo ili waone. Usimkazie, atachoka mikono. Usiangalie anakoangalia yeye kila wakati. Angalia mbali zaidi, kwa sababu yeye anaangalia karibu. Akiegemea, egemea, ukigoma unamwangusha. Usiongee kwenye kona. Na ukiogopa usimfinye, kwa sababu hofu yako ataipokea mgongoni na yeye ana yake. Niliyaandika yote, kurasa tano, sehemu ya mama. Maelekezo ya kiongozi kuhusu abiria yalikuwa mistari miwili.

Glavu ilishuka kutoka juu ya kabati. Kidole gumba kilimalizika, kisha ya pili, kisha zangu nyekundu. Zilikuwa nene, zimebana vizuri kwenye kifundo, na ndani ya kila moja mama alificha mwisho wa uzi mahali ambapo hutaupata.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa stendi mapema, jua limeshatoka. Mizigo yangu ilikuwa imepangwa kwa orodha: sufu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, nyaraka kifuani, asali kwenye chupa mbili zilizozungushiwa kanga. Glavu nilikuwa nazo mkononi kwa sababu mama alizitaka. Alitoa kwenye kikapu chupa ya maji, ndani yake unga ulikuwa unazunguka kama moshi. Alivuta funda. Alininyunyizia kifuani, akaninyunyizia mikono. Watu walitupisha, mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi alisema "amina" kwa sauti.

Kisha mama akachukua glavu za kijivu, za mdogo wangu, akazikunjua vidole kimoja kimoja kwenye kiganja chake. Nikajua anachotaka kufanya. Nilikumbuka herufi nzito za kiongozi, mara tatu, kitu chochote kikilowa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Alivuta funda kubwa kuliko lile la kwangu, akazinyunyizia juu na chini, akazigeuza, akarudia. Sufu ilikunywa yote.

"Mwambie asijifute," alisema.

"Nitamwambia."

"Na wewe fanya kazi yako."

"Nitampiga mama."

"Kwa nguvu. Ovaroli ni nene."

Basi liliondoka. Nilipata kiti cha dirishani, nikafungua kioo, nikazitandika glavu za kijivu kwenye mapaja yangu, vidole vikitazama nje. Kijana aliyeketi pembeni alitaka kufunga kioo, akaziona, akauliza ni za nani. Nikamwambia ni za mdogo wangu. Akaacha kioo wazi. Upepo uliingia hadi Ikungi, hadi Issuna, nami nilizigeuza kila baada ya muda, upande huu, upande ule, nikibonyeza unga uliokuwa unakauka katikati ya vidole kama chumvi ya ziwa.

Tulipofika Mkiwa basi lilisimama kushusha abiria. Wauzaji walikuja dirishani na karanga na vitunguu. Kulia kwetu barabara ya Itigi ilikuwa inaondoka kwenda zake. Niliitazama. Nilizigusa glavu kidole kwa kidole, na gumba mwisho, pale mama alipokuwa ameishia na kuweka juu ya kabati. Zilikuwa kavu. Nikazikunja pamoja, moja ndani ya nyingine, nikaziweka kifuani kwenye nyaraka, nikafunga kioo.